Sikio Halijahamia Dijitali

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Walikuwa wanasema mambo ya umbeya na habari za watu, lakini mimi methali hii naipenda kwa maana yake ya wazi kabisa: sikio nalo lina njaa, na njaa ya sikio la maskini ni sawasawa na ya sikio la tajiri. Kinachotofautiana ni chakula chake. Katika makala haya nataka kusimulia kwa kifupi historia ya vyombo vya kusikilizia vya bei nafuu, hasa jinsi historia hiyo inavyoonekana kwa mtu aliyeko Mpanda. Halafu nitasema jinsi inavyoweza kumsaidia kijana wa leo anayetaka kununua amplifaya ndogo ya hedifoni, pamoja na kile kidude kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analojia. Najua yupo msomaji atakayecheka na kuuliza, "Historia na hedifoni wapi na wapi?" Subiri kidogo, ndugu yangu, tutafika.

Maneno mawili

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Watanzania wengi tuliyazoea maneno analojia na dijitali kwa sababu ya televisheni. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata kwa awamu, na kila mwenye televisheni akaambiwa anunue kisimbuzi. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Mkoa wa Katavi ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa. Kwa hiyo mkoa wetu na neno "dijitali" ni kama watoto wa rika moja. Tangu hapo, mtaani ukichelewa kuelewa jambo unaambiwa, "Wewe bwana bado uko analojia."

Lakini hebu tujiulize: nani hayuko analojia? Sauti ni hewa inayotikisika. Hewa ile inagonga ngoma ya sikio, ngoma inatikisika, na habari inapelekwa kwenye ubongo. Ndivyo alivyosikia babu wa babu yako, na ndivyo atakavyosikia mjukuu wako. Wimbo ulioko kwenye simu au kwenye fleshi siyo sauti, ni msururu mrefu wa namba. CD, kwa mfano, inahifadhi namba 44,100 kwa kila sekunde kwa sikio la kulia, na nyingine kama hizo kwa la kushoto, na kila namba imechaguliwa katika ngazi 65,536. Sasa sikio haliwezi kula namba. Lazima kiwepo kigeuzi cha kuzirudisha namba zile ziwe mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe ilivyokuwa. Mkondo huo ni dhaifu, kwa hiyo lazima iwepo na amplifaya ya kuutia nguvu hadi uweze kusukuma spika. Vitu hivyo viwili, kigeuzi na amplifaya, vimo katika kila chombo kinachopiga muziki wa dijitali, kuanzia simu ndogo ya tochi hadi sabufa la baa. Swali la mnunuzi ni moja tu: je, vilivyomo ndani vinatosha, au unahitaji vingine vya nje?

Nafikiri historia inalijibu swali hili vizuri kuliko muuza duka.

Sufuria ya bluu

Twende kwa jirani zetu wa kusini, Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kituo cha redio Lusaka kilichotangaza kwa lugha za Waafrika, lakini Waafrika wenyewe hawakuwa na redio. Redio za wakati ule zilikuwa za vali, zilihitaji umeme mwingi, na bei yake ilikuwa ya Wazungu. Mkurugenzi wa habari wa huko, Harry Franklin, alikwenda Uingereza kuwashawishi watengenezaji waunde redio ya betri ya bei nafuu. Hatimaye kampuni ya betri ya Ever Ready ilikubali. Redio ile ilitoka mwaka 1949, na sanduku lake la kwanza lilitokana na sufuria ya aluminiamu isiyo na mpini, ikapakwa rangi ya bluu. Ndiyo maana ikaitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Betri ile ilidumu saa 300 hivi.

Naomba msomaji uzitazame vizuri hizo namba. Betri peke yake ilikuwa robo ya bei ya redio, na kila ikiisha unanunua nyingine. Maana yake ni kwamba hata mwaka 1949 gharama ya kusikiliza haikuishia dukani siku ya kununua. Iliendelea kila mwezi, kwenye umeme. Franklin na wenzake walilielewa jambo hilo: walitengeneza chombo ambacho mtu wa kijijini angeweza kukilisha, wala hawakujali kama sanduku lake lina sura ya jikoni.

Na Mpanda? Mji huu ulikuzwa na madini ya risasi. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika hapa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi, na reli ndiyo iliyokuwa mlango wa bidhaa. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza, na baada ya Uhuru, mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tunayoikumbuka hata sisi ambao hatukuwepo, maana wazee hawaachi kuitaja. Kilichoifanya redio iingie vijijini hasa ni transista, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1947. Transista hula umeme kidogo sana ukilinganisha na vali, ikafanya redio iende kwa betri ndogo kama za tochi. Katika miaka ya ujamaa, Philips walikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na Wajapani wa National walitengeneza redio na betri Dar es Salaam. Kwa hiyo siyo kweli kwamba sisi kazi yetu siku zote imekuwa kununua tu vya wenzetu.

Redio moja, masikio mia

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilikaa kuizunguka redio moja, kipindi kikasikilizwa, kisha kiongozi akasoma kitabu, watu wakajadiliana, na baadaye wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kupunguza bei: ukigawanya redio moja kwa masikio mengi, kila sikio linalipa senti.

Mkoani kwetu redio ilikuwa na kazi nyingine pia. Makazi ya Katumba yaliyoanzishwa kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na ya Mishamo yaliyofuata mwaka 1978, yako porini, mbali na kila kitu. Mawimbi mafupi hayakuulizwa kibali cha kuvuka mpaka. Kwa mtu aliyeko mbali na kwao, redio ndogo yenye betri mbili siyo starehe, ni barua.

Halafu yakaja magumu. Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 bidhaa ziliadimika nchi nzima. Waliokuwepo wanasimulia jinsi betri zilivyoanikwa juani, zikatobolewa kwa msumari na kutiwa maji ya chumvi, alimradi taarifa ya habari isikilizwe. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, redio kaseti za nje zikaingia kwa wingi. Hapo mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. La kwanza, mtu wa kawaida aliweza sasa siyo kusikiliza tu bali kurekodi. La pili, usikilizaji ulianza kuwa wa mtu mmoja mmoja, maana Sony walikuwa wametoa Walkman mwaka 1979 na mtindo wa hedifoni ukasambaa dunia nzima.

CD nayo ikatoka Japani mwezi Oktoba 1982. Mashine ya kwanza ya Sony iliuzwa kwa yeni 168,000, na sehemu kubwa ya ujanja wake ilikuwa ni hicho kigeuzi cha namba kuwa sauti. Kumbuka bei hiyo, maana tutairudia.

Kopo la peremende na kipande cha waya

Mwaka 1998 Mmarekani mmoja aitwaye Chu Moy aliandika jinsi ya kujitengenezea amplifaya ndogo ya hedifoni inayotumia betri. Watu wakaanza kuiunda na kuiweka ndani ya kopo la bati la peremende za Altoids. Mimi niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka sufuria ya Lusaka. Miaka karibu hamsini imepita, na bado mtu anayetafuta sauti nzuri kwa fedha kidogo anaingia jikoni kutafuta sanduku!

Mwaka 2011 fundi mwingine, ambaye hakutaja jina lake halisi na alijiita NwAvGuy, alitoa mchoro wa amplifaya aliyoiita O2 na kuuachia watu waujenge. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo cha bei nafuu kikichorwa vizuri na kupimwa kwa mitambo, sikio la mtu haliwezi kukitofautisha na chombo cha bei kubwa. Wafanyabiashara wengi hawakuipenda hoja hiyo. Haikuwasaidia kuuza.

Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la hedifoni kwenye simu yao mpya, na kampuni nyingine zikaanza kufuata. Ili watu waendelee kutumia hedifoni za waya, wakauza kipande kifupi cha waya chenye kigeuzi na amplifaya ndani ya pini yake. Bei yake Marekani ilikuwa dola 9. Waliokipima wakakuta kwamba kelele na makosa yake ni madogo mno, sikio haliwezi kuyasikia. Sasa rudi kwenye ile bei ya mwaka 1982. Kazi iliyogharimu yeni 168,000 inafanywa na kidude unachoweza kukimeza kwa bahati mbaya.

Kwa nini nilihitaji kusikia

Hapa nieleze kwa nini jambo hili linanihusu. Ukoo wetu ni wa Wakonongo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na Ukonongo ulikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Mashamba yakarudi kuwa pori, na makaburi yakabaki humohumo. Mama yake babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita Bibi tu, alihamishwa akiwa mtoto. Mwaka 1989 ndugu mmoja alimrekodi kwa redio kaseti akisimulia walikotoka, na akataja jina la kijito ambako mama yake alizikwa.

Kanda ile ipo, lakini imechoka. Baba mkubwa anasema jina la kijito lina sauti ya "f". Shangazi anasema ni "s". Unaweza kuona ni jambo dogo, herufi moja tu. Lakini kwetu herufi ile ndiyo ramani: viko vijito viwili, na kati yake ni mwendo wa siku nzima. Wawili hawa walikuwa wamebishana juu ya herufi hiyo tangu sijazaliwa.

Tulipoinakili kanda kwenye kompyuta nilitaka kuisikiliza kama inavyostahili. Sabufa la nyumbani halikufaa, maana limeundwa kupiga besi, nalo besi inafunika konsonanti. Tofauti ya "s" na "f" iko juu, kwenye mizunguko elfu kadhaa kwa sekunde, na kwa bahati mbaya mvumo wa kanda nao umejaa hukohuko. Hakuna amplifaya itakayoondoa mvumo uliokwisha kurekodiwa. Ukiongeza nguvu unaongeza vyote. Nilichohitaji ni chombo ambacho hakiongezi kelele yake juu ya ile iliyopo, na hedifoni inayofunika sikio ili majogoo na bodaboda za nje zisiingie.

Nilikuwa na shilingi elfu themanini. Sehemu kubwa niliitia kwenye hedifoni ya mtumba, ya waya, yenye mito mizima. Kilichobaki nikanunua kipande cha waya chenye kigeuzi. Amplifaya ya mezani sikununua, na nitaeleza sababu hivi punde.

Siku tuliyosikiliza, shangazi alitangulia. Kisha tukampa baba mkubwa hedifoni. Akasikiliza mara ya kwanza, akaomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena. Akaivua taratibu na kusema, "Ni bibi huyu." Juu ya herufi hakusema kitu. Baadaye jioni, wakati wa kula, ndipo akamwambia shangazi, "Haya, ni 's'. Kiangazi twende." Jina lenyewe silitaji hapa, ni la ukoo.

Namna ya kuchagua

Kutokana na historia hiyo, haya ndiyo ninayoweza kumwambia kijana mwenye fedha kidogo.

Anza na hedifoni. Kigeuzi cha bei nafuu cha leo kimeshakaribia ukamilifu, lakini hedifoni mbovu haijapata dawa. Kama una shilingi kumi, nane zipeleke huko.

Pili, soma omu. Hedifoni nyingi za kawaida zina omu 16 hadi 32, na hizo simu au kipande cha waya kinaziendesha bila taabu. Za studio zenye omu 250 au 300 ndizo zinazotaka amplifaya ya kweli. Yangu ilikuwa ya omu 32, na hiyo ndiyo sababu sikununua amplifaya ya mezani. Tazama na ukinzani wa amplifaya yenyewe: usizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni, la sivyo sauti inapotoka umbo.

Tatu, usitishwe na namba za kwenye boksi. Watakuambia biti 32, watakuambia 384,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mzima linaishia kwenye mizunguko 20,000, na namba 44,100 za CD zinatosha kuibeba yote. Hesabu hiyo ina mizizi katika kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, siyo maneno yangu.

Nne, uliza kinakula nini. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na anayetumia sola anajua hesabu za jioni. Kidude kinachokula umeme wa simu ni bora kuliko boksi linalosubiri umeme wa ukutani. Na usisikilize huku unachaji kwa chaja ya ovyo. Mvumo utakaousikia unatoka kwenye chaja, usimlaumu aliyeimba.

Tano, jaribu kabla hujalipa. Baadhi ya vipande vya waya havina kigeuzi ndani, ni waya mtupu, vinafanya kazi kwenye simu chache tu. Hata kile cha Apple, kwenye baadhi ya simu za Android, hutoa sauti ndogo. Na ukichagua hedifoni za Bluetooth, ujue kigeuzi na amplifaya tayari vimo ndani yake. Kununua kingine cha nje ni kutupa fedha.

Mwisho, punguza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki, na linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu. Amplifaya yenye nguvu kuliko unavyohitaji ni hatari uliyoinunua mwenyewe. Hedifoni inatengenezeka kwa fundi, sikio halina fundi.

Ninyi vijana wenzangu ambao kwenu kuna kanda kabatini, msisubiri mpate mashine ya ndoto. Kanda inachoka kila mwaka, na wanaoweza kusema "ni bibi huyu" wanapungua. Azimeni redio kaseti inayofanya kazi, nakilini, kisha nunueni kidude cha bei yenu na mkae na wazee msikilize. Kabla hujamuuliza muuzaji chombo kina biti ngapi, jiulize kwanza unataka kumsikia nani. Ukishalijua hilo, bei utaipata.